Moroko haimwachii mtu wake: uraia usiovulika, kutoka kwa baba wa mgodini hadi mjukuu anayepiga penalti

Mpanda Tramu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Brahim Díaz wa Moroko atutungue Watanzania pale Rabat Januari 4, 2026 kwenye 16 bora ya AFCON, kila kijiwe cha mtandaoni ninachopita wimbo ni mmoja: Wamoroko wanachezesha watoto wa Kizungu. Díaz kazaliwa Málaga, kaichezea Hispania mechi moja mwaka 2021, kisha 2024 kageukia Moroko, basi ni mamluki. Wakimalizana na Díaz wanafufua Qatar 2022, ambako wachezaji 14 kati ya 26 walizaliwa nje. Hakimi Madrid, Ziyech Dronten, Amrabat Huizen, Bounou Montreal, Boufal Paris, Cheddira Loreto huko Italia. Hata kocha, Regragui, ni mtoto wa Corbeil-Essonnes, nje kidogo ya Paris.

Nakaa Rotterdam, mtaa ambao ukitoka nje asubuhi salamu ya kwanza ni ya Mmoroko. Harusi zao nimekula, misiba yao nimekaa. Hao vijana hawakugawiwa uraia ili waje kucheza mpira. Walizaliwa nao, na wengi wao hata wangetaka kuuvua wasingefika mbali.

Sheria ya uraia ya Moroko ni ya Septemba 6, 1958. Mtoto wa baba Mmoroko ni Mmoroko, azaliwe Fez au azaliwe Amsterdam. Marekebisho ya 2007, sheria namba 62-06, yakaongeza mama: naye sasa anamrithisha mwanawe. Kuutoka? Kifungu cha 19 kinasema mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine anaweza kuuacha wa Moroko endapo amri ya serikali itamruhusu. Mlango upo, ila ufunguo anao mwenye nyumba, na hana haraka ya kuutoa.

Na jambo hili ni la zamani kuliko hata ukoloni wa Mfaransa. Mkataba wa Madrid wa 1880, kifungu cha 15, ulishughulika na Wamoroko waliokuwa wakienda nje, wanachukua uraia wa huko, halafu wanarudi nyumbani kujifanya wageni ili sheria za sultani zisiwaguse. Wakaambiwa: ukirudi, baada ya muda fulani uchague, utii sheria za dola au uondoke. Nyuma ya hayo yote kuna bay'a, kiapo cha utii kwa mtawala. Mtu aliyefungwa na kiapo hajiuzulu kama mwanachama wa klabu.

Sasa hao babu walitokaje? Ulaya ilikuja kuwachukua. Mikataba ya kuajiri vibarua ilisainiwa na Ujerumani Magharibi na Ufaransa mwaka 1963, Ubelgiji 1964, Uholanzi 1969. Migodi ya makaa ya mawe ya kaskazini mwa Ufaransa ilikuwa na mtu wake, Félix Mora, aliyewahi kuwa afisa wa kikoloni huko huko Moroko. Alipita vijiji vya kusini, wanaume wanapangwa foleni vifua wazi, anawakagua misuli na meno. Aliyefaa aligongwa muhuri wa kijani kifuani, asiyefaa muhuri mwekundu. Kwenye ngozi, wakuu, si kwenye karatasi. Mikataba yao ilikuwa ya miezi 18, ili pasiwe na anayejisahau akadhani amehamia.

Wakahamia hata hivyo. Mwaka 1973 na 1974 Ulaya ilifunga mlango wa ajira, na wale waliokuwa ndani wakaona akitoka mtu hatarudi tena, wakaita wake na watoto. Hapo ndipo serikali ya Rabat ilipoanza kuwakaba. Kulikuwa na vyama vya wafanyakazi vilivyoitwa amicales, vimeundwa kwa baraka za balozi; kazi yake nusu kusaidiana, nusu kuchunguzana. Mwaka 1986 Uholanzi iliporuhusu wageni kupiga kura za mitaa kwa mara ya kwanza, Mfalme Hassan II aliwataka watu wake wasipige. Mwaka 1993, kwenye televisheni ya Ufaransa, alisema wazi kwamba hataki Wamoroko wafanywe Wafaransa, kwamba hawatakuwa Wafaransa kamili kamwe. Fikiria wewe ni kijana wa Lille, Mfaransa wa mtaani anakwambia si mwenzake, na mfalme wa baba yako anakuja kwenye televisheni ya nchi yako kukubaliana naye.

Leo lugha imebadilika. Fedha wanazotuma zilipita dirhamu bilioni 110 mwaka 2023, Agosti 10 ni siku yao ya kitaifa, na katiba ya 2011, kifungu cha 17, inasema wana haki kamili za uraia, kuchagua na kuchaguliwa wakiwa huko huko waliko. Kwa vitendo, kura za wabunge wanampa mtu wa nyumbani awapigie kwa niaba. Walikuwa na viti 5 bungeni kuanzia 1984, vikafutwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 2005 mfalme wa sasa aliahidi kuwa watawakilishwa bungeni. Hadi leo hakuna jimbo hata moja la diaspora.

Kwa hiyo nchi inamshika mtu mkono asiondoke, ila kitini haimkalishi. Karibuni.

---

Fundi Cherehani

Mkuu umeshusha nondo, ila naona unalia na bahati. Mtu ana pasipoti mbili, moja ya Schengen moja ya Afrika, hakuna anayemuuliza, hakuna anayemnyang'anya. Sisi Mtanzania akiapa Ujerumani leo ule wa nyumbani kwaheri, diaspora wetu wamepigia kelele uraia pacha mpaka sauti zimekauka, wakaishia kupewa habari za hadhi maalumu. Wakenya wenzetu walimaliza hili kwenye katiba ya 2010. Hao Wamoroko wanalalamikia nini hasa?

---

Mpanda Tramu

Fundi, swali zuri. Tofauti ni kuchagua. Mkenya wa London akiona pasipoti ya pili inamletea balaa, anairudisha. Mmoroko wa Uholanzi hana pa kuirudisha, na balaa lilimpata kweli.

Uholanzi kwa kawaida inamtaka anayeomba uraia wake aache ule wa awali, isipokuwa kwa nchi zisizowaachia watu wao. Moroko imo kwenye fungu hilo. Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2007 Ahmed Aboutaleb, mtoto wa Rif, milima ya kaskazini mwa Moroko, aliyezaliwa Beni Sidel, aliteuliwa naibu waziri. Geert Wilders, mwanasiasa anayepinga wahamiaji, akasimama bungeni akitaka yeye na mwenzake mwenye asili ya Uturuki wasiaminiwe, eti watu wa mataifa mawili wana utiifu wa pande mbili. Aboutaleb hakujiuzulu na wala hakuivua ile pasipoti. Miaka miwili baadaye akawa meya wa huku kwetu Rotterdam, akakaa hadi 2024.

Huyo ni mkubwa, alijitetea. Wadogo yaliwakuta kimya kimya. Mamlaka ya kodi ya Uholanzi ilikuwa inatumia uraia wa pili kama mojawapo ya vigezo vya kumshuku mtu kwamba anaiba ruzuku ya malezi ya watoto. Familia zikadaiwa maelfu ya yuro kwa makosa ya karatasi, au bila kosa kabisa. Nyumba zikapotea, ndoa zikavunjika. Miongoni mwa walioumia wamo wengi wenye asili ya Moroko na Uturuki. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021. Msimamizi wa data akaja kuipiga mamlaka hiyo faini ya yuro milioni 2.75, akaeleza kwamba mwaka 2018 bado ilikuwa imehifadhi rekodi za uraia pacha za watu milioni 1.4 ambazo haikupaswa kuwa nazo.

Mama wa Kimoroko aliyezaliwa Utrecht, hajawahi kupiga kura Moroko, hajui hata ofisi ya kata ya Nador iko wapi. Kompyuta ya serikali yake mwenyewe inamsoma kama nusu mgeni, kwa sababu ya kitu ambacho hana uwezo wa kukiacha. Hiyo ndiyo bahati unayoisema?

---

Kobe Mwepesi

Hapo kwa kompyuta nimekaa kimya.

---

Nyota ya Kisauni

Assalaam aleikum wapenzi wa uzi huu. Mimi ni mke wa Mmoroko wa Antwerp, wazee wake wametoka Nador, kwa hiyo haya mengine nawaelezea kutoka jikoni.

Mwanzo kabisa, wengi wa huku wakiitwa Waarabu huwa hawaitiki. Ni Wariffi, watu wa Rif, Waamazighi waliokuwako Afrika Kaskazini kabla ya Waarabu. Mavyaa wangu Kiarabu ni cha swala na cha televisheni, nyumbani ni Tarifit tupu, lugha ya Rif. Na hilo liliwahi kugonga kwenye huo uraia. Mtoto mkubwa wa wifi yangu alizaliwa kabla ya 2010, wakampa jina la Kiamazighi. Manispaa ya Ubelgiji iliandika siku ileile bila neno. Kwenye ubalozi mdogo wa Moroko karani akafungua daftari, akalitazama, akasema hili halimo, leteni jingine. Ndiyo mpaka leo kijana ana jina moja kwa Wabelgiji na jingine kwenye karatasi za Moroko, na kila akisafiri anaulizwa kama huyu ni yeye. Waraka wa wizara ya mambo ya ndani wa 2010 ndio uliolegeza mambo. Wa kwangu walipita bila matatizo.

Mtaniuliza kwa nini mtu ahangaike kumwandikisha mtoto kule kama uraia tayari anao. Kwa sababu ya ardhi na mirathi. Babu ana nyumba ya ghorofa tatu, mbili zimefungwa mwaka mzima zinamsubiri Agosti. Mjukuu asiye na kitambulisho cha Moroko akija kudai fungu lake ataanza kutafuta mashahidi miaka mitano. Mavyaa hajui habari za katiba, ila kila mjukuu akizaliwa swali lake la pili, baada ya uzito wa mtoto, ni lini mnakwenda ubalozini.

Halafu safari ya kiangazi. Tunapita Ufaransa yote, Hispania yote, tunapanda feri Almería. Keria ya juu ina mazulia, baiskeli, na mashine ya kufulia ya mtu ambaye hata simjui. Foleni bandarini joto hilo, watoto wanagombana kwa Kiflemi, bibi yao anawakemea kwa Tarifit, baba yao anazungumza na askari kwa Kifaransa. Mkifika, mnaitwa zmagria, yaani wahamiaji wa Ulaya. Bei ya samaki inapanda mbele ya macho yenu kwa sababu wameona namba za gari. Mwanangu wa kiume siku moja aliambiwa na binamu yake, "Rudi kwenu Ubelgiji." Wiki chache kabla alikuwa ameambiwa arudi kwao Moroko, pale uwanja wa mpira wa shule. Alicheka, mimi nilishindwa.

---

Fundi Cherehani

Dada Nyota shikamoo. Na kwa wanawake imekaaje? Maana mleta mada amepita juu juu.

---

Nyota ya Kisauni

Marahaba, kaka. Mleta mada amepita kwa sababu ni mwanamume, namsamehe.

Kabla ya 2007 mwanamke wa Kimoroko aliyeolewa na mgeni alizaa wageni ndani ya nchi yake mwenyewe. Mtoto kazaliwa Casablanca, kasoma Casablanca, anahitaji kibali cha ukaazi. Wanawake walipigania miaka na miaka. Hilo likaisha, lakini upande wa ndoa wenyewe mizani bado imelala. Mke mgeni wa Mmoroko, baada ya kuishi naye Moroko miaka 5, anaweza kuomba uraia kwa kifungu cha 10. Mume mgeni wa Mmoroko wa kike hana kifungu cha namna hiyo.

Na sheria ya familia inamfuata binti huku huku Ulaya. Wifi yangu mdogo ni Mbelgiji aliyezaliwa Antwerp, anataka kuolewa na Mbelgiji mwenzake asiye Mwislamu. Manispaa itawafungisha bila kuuliza dini ya mtu. Lakini kwa Moroko yule binti ni raia wake, na ndoa hiyo haitambuliki mpaka bwana asilimu. Atalala naye hotelini Tangier kama nani? Ndugu zake wa kiume wakioa Wakristo, hakuna anayekohoa. Kwa hiyo ukisema uraia usiovulika, mzigo wake hauwi sawa kwa wote waliouvaa.

Na jambo moja la msiba kabla sijaenda kupika. Mavyaa analipia bima ya kusafirishwa maiti, benki za Kimoroko zina mpango huo kwa walio nje, na kila anayemjua wa umri wake analipia. Amekaa Ubelgiji umri wake wote wa utu uzima, watoto kazaa huku, mume kamuuguza huku, ila kaburi ni Nador, hilo halina mjadala. Machi 2020 Moroko ikafunga mipaka kwa sababu ya korona, na maiti pia hazikupokelewa. Jirani yetu, mzee wa kiwanda cha magari, alizikwa hapa hapa kwenye sehemu ya Waislamu ya makaburi ya manispaa, wanawe wanne wamesimama mbalimbali na barakoa. Tangu hapo mdogo wa wale wanne huenda pale kila Ijumaa. Aliniambia baba yake amemwachia sababu ya kukaa Antwerp ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo. Mavyaa aliposikia habari hiyo alikwenda benki kuuliza kama bima yake inahesabu janga.

---

Mwalimu Sudi

Nyongeza ya Hispania, maana huko ndiko Díaz alikotoka.

Mgeni wa kawaida anahitaji miaka 10 ya ukaazi halali kuomba uraia wa Hispania, na Mmoroko yumo humo. Mtu wa Amerika ya Kilatini, Mreno, Mfilipino, wa Ginekweta au Myahudi wa Sefaradi anahitaji 2. Eti kwa sababu ya historia ya pamoja. Moroko kaskazini ilitawaliwa na Hispania hadi 1956, lakini hiyo si historia ya pamoja. Mwaka 2015 bunge likapitisha sheria namba 12 kuwapa uraia wajukuu wa Mayahudi waliofukuzwa 1492, bila hata kuhamia. Waislamu waliofukuzwa kati ya 1609 na 1614, ambao vizazi vyao wamejaa Tetouan na Rabat na majina yao ya Kihispania, hawakutajwa.

Na siku ya kuapa, Mmoroko anatakiwa atamke kwamba anaukana uraia wake wa zamani. Anautamka. Moroko haijali. Wote waliomo chumbani wanajua kwamba kilichosemwa hakina kazi, karani anagonga muhuri, wanakwenda kunywa kahawa.

---

Kobe Mwepesi

Sasa Yamal je? Baba Mmoroko, kazaliwa Esplugues, anachezea Hispania. Naye ni Mmoroko?

---

Mpanda Tramu

Kwa sheria ya 1958, ndiyo. Kuchezea timu na kuwa raia ni vitu viwili. FIFA inauliza umechezea nani, Rabat inauliza baba yako nani. Ndiyo maana Munir El Haddadi alicheza dakika chache za Hispania mwaka 2014, akafungiwa na kanuni asiichezee Moroko hadi FIFA ilipolegeza 2020, na muda wote huo alikuwa Mmoroko barabara.

Na wanaosema vijana hawa wanafuata pesa, watazame penalti ya Hakimi dhidi ya Hispania, Desemba 6, 2022. Kazaliwa Madrid, mama alikuwa anafanya usafi majumbani, baba machinga. Anauweka mpira taratibu katikati ya lango la nchi aliyozaliwa. Mtaani kwetu Rotterdam usiku ule walitoka mpaka mabibi na sufuria.

---

Wakili wa Mtaa

Nimefika nimechelewa. Kuna upande mmoja wa sheria haujaguswa, nao ndio unaouma.

Kanuni ya kimataifa, kifungu cha 4 cha mkataba wa The Hague wa 1930, inasema nchi haimtetei raia wake dhidi ya nchi nyingine ambayo naye ni raia wake. Kwa mwenye pasipoti mbili maana yake ni kwamba ukikamatwa upande wa pili, uko peke yako. Ali Aarrass, Mbelgiji mwenye asili ya Moroko aliyezaliwa Melilla, Hispania ilimpeleka Moroko Desemba 2010. Akafungwa kwa makosa ya ugaidi, akalalamika ameteswa, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakalitazama jambo hilo kwa uzito. Ubelgiji ikasema kwa miaka kwamba haina wajibu wa kumtembelea kibalozi kwa kuwa ni Mmoroko pia. Alitoka Aprili 2020 baada ya kumaliza kifungo chote.

Upande wa Ulaya nako, uraia pacha ndio unaokufanya uvuliwe. Sheria za kimataifa hazipendi mtu abaki bila nchi, kwa hiyo anayenyang'anywa ni yule mwenye ya akiba. Ufaransa mwaka 2015 iliwavua watu 5 waliohukumiwa kwa kesi iliyohusiana na mashambulizi ya Casablanca ya 2003. Wanne walikuwa na uraia wa Moroko. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaona sawa, 2020. Rais Hollande alitaka kuingiza kwenye katiba kwamba hata aliyezaliwa Ufaransa avuliwe. Waziri wake wa sheria, Christiane Taubira, akajiuzulu Januari 2016, na Machi hoja ikafa. Uholanzi tangu 2017 waziri anaweza kumvua aliyejiunga na kundi la kigaidi nje bila kusubiri hukumu.

Siwatetei magaidi. Ila vijana wawili wamezaliwa hospitali moja, wametenda kosa moja, wa Jan anabaki Mholanzi na wa Mohamed anapelekwa nchi aliyokuwa anaijua kwa likizo za Agosti.

---

Fundi Cherehani

Wakili umenitoa kwenye reli kabisa. Sasa narudi kwa mleta mada na swali la mwisho: wale wazee wenyewe, wa migodini na relini, walichukua uraia wa Ulaya au waligoma?

---

Mpanda Tramu

Wengi hawakuchukua, na walilipa. Shirika la reli la Ufaransa, SNCF, liliajiri Wamoroko miaka ya sabini kwa mikataba ya pembeni kwa sababu cheo cha mfanyakazi kamili wa reli kilihitaji uraia wa Kifaransa. Kazi ileile ya kupanga mabehewa usiku, mshahara na pensheni tofauti. Zaidi ya 800 kati yao walishtaki, wakashinda, na mahakama ya rufaa ya Paris ikathibitisha Januari 2018. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, hukumu wakapokea wajane.

Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa hapa mtaani kwa nini hakuomba uraia wa Uholanzi mapema. Alinitazama akasema aliogopa mfalme atajua. Mwanawe yupo pembeni akamwambia, baba, mfalme alikuwa anajua hata namba ya nyumba yetu.

---

Kobe Mwepesi

Kwa hiyo nikioa Mmoroko napata ile pasipoti?

---

Nyota ya Kisauni

Kobe, soma juu. Kifungu cha 10 ni cha wake tu. Wewe utakaa foleni ya kibali kama mgeni mwingine.

---

Kobe Mwepesi

Basi nabaki na kitambulisho cha taifa cha NIDA, ambacho nacho bado hakijatoka.